Sindano ya Tatu

Kalamu hii nimeizungushia kitambaa na kukifunga kwa uzi ili iwe nene, maana kalamu nyembamba haikai tena mkononi mwangu. Nimeishia darasa la nne, Mamboya, kwa mwalimu Yohana. Mjukuu wangu Zuhura alitaka nimsimulie, yeye aandike kwenye simu. Nikamwambia hapana, wewe utaulainisha. Nilikuwa nasema wivu. Ugonjwa huu nimeuugua pamoja na wivu, na nikiuondoa huo hamtaelewa nilivyopona, kama huku kunaitwa kupona.

Nawaandikia ninyi mnaokaa kwenye mabenchi ya hospitali na nyayo zinawaka. Mmepimwa sukari haipo, mmepimwa presha iko sawa, mmeambiwa mama, umri umekwenda. Huenda umri umekwenda kweli. Huenda pia ni hiki changu.

Naitwa Mwanaidi Athumani. Baba yangu Athumani alikuwa mtu wa Malolo, mkulima wa vitunguu. Alimwoa mama yangu, Bi Zena, kule Mamboya, wakaja kukaa Kilosa. Baadaye akaoa mke wa pili Mikumi, Bi Hamisa, akazaa naye mtoto mmoja wa kike, Tatu. Mimi ndiye mkubwa, Tatu ni mdogo wangu. Baba mmoja, mama mbalimbali.

Kwa asiye wa huku nieleze jambo moja. Sisi mtu ni wa ukoo wa mama yake. Mirathi, miiko, matambiko, hata aibu, vyote vinapita kwa mama. Baba unampenda na kumheshimu, unabeba jina lake, lakini si mtu wa ukoo wako. Kwa hiyo mimi na Tatu, ingawa ni ndugu, hatukuwa ukoo mmoja. Nilikua najua hivyo kama ninavyojua mkono wa kulia na wa kushoto.

Baba alikaa zaidi Mikumi. Kwetu alileta vitunguu, akanywa chai, akauliza habari za shamba, akaondoka. Kwa Tatu alikaa mwenyewe. Alimfundisha kuendesha baiskeli, mtoto wa kike, zama zile! Mimi nilisikia habari hiyo kwa watu. Tatu ana pua ya baba, ana sauti ya baba, akicheka unaweza kugeuka ukadhani mzee amefufuka. Mimi nimefanana na mama kila mahali. Hata nilipokuwa mtu mzima na wajukuu, nikimwona Tatu anacheka, nilikuwa nageuza uso.

Baba mwishoni aliugua. Alisema anatembea juu ya pilipili. Vidole vikakataa kufunga mafungu ya vitunguu. Akakonda, kisha miguu ikavimba, pumzi ikawa fupi. Watu wa kwetu walisema Bi Hamisa amemtegea kitu njiani, na mama yangu alikufa anaamini hivyo.

Changu kilianza kiangazi kimoja, kwa ndala. Nilitoka sokoni kwa binti yangu Sofia, anayeuza nyanya, nikafika nyumbani na ndala moja. Nyingine ilichomoka njiani wala sikusikia. Jirani yangu mama Anna akaja ameishika, anacheka.

"Bibi Mwanaidi, umeanza ulevi uzeeni?"

Nikacheka naye. Lakini niliutazama ule mguu. Ulikuwa umekanyaga changarawe njia nzima na ulikuwa na damu, na mimi sikuwa na habari. Mchana hausikii kitu, jioni unawaka kama umeingizwa kwenye makaa. Hayo mawili yalikaa kwenye mguu mmoja.

Masika yaliyofuata yakaingia mikononi. Sufuria ikawa inaniponyoka. Tumbo likawa siku linafunga, siku linafungua bila kuniuliza. Nikiinuka kutoka kwenye sijida dunia inazunguka, mpaka nikawa nasali nimekaa kwenye kiti. Kanga iliyokuwa ikinizunguka mara moja ikawa inanizunguka mara mbili. Sofia akaanza kuniogesha. Mtoto niliyemwogesha mimi kwenye beseni ananiinua mkono na kuniambia, "Mama, geuka." Siku ya kwanza nilimfukuza. Siku ya pili nikageuka.

Hospitali nilikwenda, tena sana. Nawakumbuka niliokaa nao kwenye benchi: Mzee Lukasi wa kikohozi, Mama Shida wa goti, na yule Mmasai kijana, Lemali, aliyeletwa na mguu wa kukanyagwa na ng'ombe, ambaye kila nikifika ananipisha upande wa kivulini. Daktari wa pale alikuwa kijana mzuri, anayeamkia vizuri. Akaniuliza:

"Bibi, kuna mtu kwenye ukoo wako aliwahi kuumwa hivi? Miguu, mikono, kukonda?"

Nikafikiri kwa makini, maana majina yote ninayo. Nikamtajia ukoo mzima, mama, mama wa mama, wajomba, watoto wa mama wakubwa na wadogo. Nani alikufa kwa uzazi, nani kwa malaria, nani kwa kuanguka mnazi ugenini. Hakuna aliyeumwa miguu.

"Hakuna, mwanangu."

"Basi si la kurithi," akasema, akaniandikia vidonge vya maumivu.

Sikumdanganya. Yeye alikuwa mtu wa kaskazini, kwao ukoo ni baba. Aliuliza la kwao, nikamjibu la kwetu, na kila mmoja akaridhika. Baba hakuniingia akilini hata chembe, ingawa nilimwona kwa macho yangu akitembea juu ya pilipili.

Katikati ya hayo zikaja habari kwamba Tatu naye anaumwa. Tena amepelekwa Dar es Salaam na mwanawe Rajabu, amekutwa na ugonjwa wa kurithi wenye jina refu. Kuna dawa mpya, sindano moja kila miezi mitatu, haiuzwi dukani, inatolewa msaada kwa watu wachache. Na Tatu ni mmoja wao.

Nilisema pole. Moyoni nikasema, bila shaka. Sindano zikiwa chache duniani, moja lazima itafute njia ya Mikumi.

Wazee wa kwetu wakaniambia nisihangaike, ule ni ugonjwa wa ukoo wa Bi Hamisa. Nikakubali. Kumbe Sofia hakukubali.

"Mama, mbona dalili za mama mdogo Tatu ni kama zako?"

"Kila mzee anaumwa miguu."

"Ungempigia simu ukamuuliza."

"Nimpigie ili anisimulie habari za sindano yake? Ameshakuzidishia simulizi wewe, naona."

"Ananipigia kukuulizia hali!"

"Akitaka hali yangu, namba yangu anayo."

Sofia akaenda kunichemshia maji ya kuoga. Alikuwa amefunga meza yake sokoni kwa ajili yangu, na mimi nilikuwa namwonea wivu mtu kwa kumpigia simu mwanangu.

Kisha ikaja harusi ya Rehema, mjukuu wa Tatu, Mikumi. Nilikwenda kwa sababu kutokwenda kungesemwa. Nilimkuta Tatu anacheza. Mtu aliyekuwa ameshikwa mikono kwenda msalani mwaka uliotangulia, anacheza, amefunga kibwebwe, sinia la maandazi kichwani. Mimi nikaketishwa kwenye kiti cha plastiki na mto mgongoni. Nilimwangalia miguu tu, ile miguu inavyojua ardhi ilipo.

Wanawake walikuwa wanapakana hina. Akaja kwangu na bakuli.

"Shikamoo dada. Lete mkono tukutie hina kidogo, usikae kama mgeni."

"Marahaba. Mgeni ndiye mimi."

"Haya, mgeni, lete mkono."

Akakishika kiganja changu cha kulia, akakigeuza, akatulia. Chini ya kidole gumba, pale penye nyama, kwangu palikuwa pamebonyea kama kijiko. Akapabonyeza.

"Nyama ya hapa imekwenda wapi?"

"Imekwenda ilikokwenda."

"Dada, huu mkono ni wa baba."

Nikaunyang'anya. Hina ikamwagika kwenye gauni langu. "Baba mzima ulimchukua wewe! Sasa na mkono wangu unataka nao uwe wako?"

Bi Chausiku, jirani yake Tatu ambaye kwetu ni mtani, akadakia, "Gawaneni tu, wajukuu zangu. Mmoja achukue wa kulia, mwingine wa kushoto, na kichwa nipeni mimi nikachemshie supu." Wakacheka wote, na Tatu akacheka kicheko kilekile cha baba, nikazidi kuungua.

Lakini hakuniacha. Akachuchumaa mbele yangu, akasema kwa sauti ya chini:

"Sisemi baba ni wangu. Ugonjwa wangu huu, daktari kaniambia nimeutoa kwa baba. Si kwa mama yangu."

"Baba hatoi kitu. Ukoo ni wa mama."

"Daktari hakuulizia ukoo, dada. Aliulizia walionizaa, wote wawili. Nilimweleza vidole vya baba, ile pilipili, ile pumzi. Akasema ndiyo huohuo."

"Na mambo ya mama yako? Yale yaliyosemwa?"

"Mama yangu alimlisha kwa kijiko mpaka siku ya mwisho," akasema Tatu. "Hayo mengine mlisema ninyi."

Nikamwambia gauni langu limeharibika.

Njiani kurudi Kilosa nilikuwa nimekaa dirishani. Pale karibu na mbuga gari lilisimama kupisha tembo, na abiria wote walikuwa wanawatazama tembo. Mimi nilikuwa natazama kiganja changu. Nikawaza hivi, na naandika kama nilivyowaza: kama baba aliacha kitu, hata kiwe kibaya kiasi gani, kwa nini akirithi Tatu peke yake? Mimi ndiye mtoto wake wa kwanza.

Nilipofika nikamwambia Sofia anipeleke Dar nikapimwe.

"Kumbe umeelewa," akafurahi.

"Nataka changu."

"Mama, unautaka ugonjwa?"

"Nataka kujua kama ni changu."

Tulipanda treni ya umeme pale Kilosa. Inateleza mpaka unaona aibu kushika kiti. Tatu alikuja kulala kwetu usiku wa kuamkia safari, maana na yeye alikuwa na zamu yake ya sindano. Kliniki ilikuwa na viti vya bluu vilivyounganishwa, mmoja akijikuna wote mnatikisika. Walinitia umeme kwenye miguu kupima mishipa ya fahamu, pale ambapo mtu angeruka mimi niliuliza mmeshaanza? Wakaupiga picha moyo. Wakachukua damu ipelekwe mbali.

Majibu yalitusubirisha masika yote. Mto Mkondoa ulijaa, watu wa mabondeni wakahamishia magodoro kwa ndugu, na mimi nikawa nalala kwa mito mitatu ili nipate pumzi. Niliogopa vitu viwili. Nikiwa nao, ni ule uliomuua baba. Nisipokuwa nao, basi hata hicho hakunipa. Siku moja Sofia alinisikia kwenye dua nikiomba nikutwe nao. Alikwenda nje akafua nguo zilizokuwa safi.

Daktari wetu kule anaitwa Neema, binti mdogo kuliko Sofia. Alituita ndani, mimi, Sofia na Tatu.

"Bibi, majibu yamerudi. Unao. Uleule wa mdogo wako."

Sofia akaangua kilio. Mimi nilimtazama Tatu, na kama si miguu hii ningesimama. Mungu anisamehe, ile saa nilikuwa na furaha. Baadaye ndipo nilipomsikia daktari akisema moyo wangu umeanza kuwa mnene, na furaha ikaisha.

Akanieleza. Sitaeleza sana, wanaojua wapo, ila niseme nilivyofahamu.

"Ndani ya mwili kuna maagizo ya kutengeneza kila kitu. Kila agizo linaitwa jeni."

"Jini?"

"Jeni, bibi. Kwa e."

"Hata mimi nilisikia jini, dada," Tatu akacheka. "Nikamwambia daktari kwetu Mikumi wapo waganga wa karibu." Nikamkunjia uso. Hata kosa la kusikia alikuwa amelifanya kabla yangu.

Daktari akaendelea. Jeni moja niliyotoa kwa baba ina kosa la kuandikwa. Agizo lake linapelekwa kwenye ini na mjumbe, na ini kwa utii wake linatengeneza kitu kibovu kinachokwenda kuganda kwenye mishipa na kwenye moyo.

"Mjumbe kama wa nyumba kumi?"

"Kama huyo. Sasa dawa hii hairekebishi jeni, jeni inabaki vilevile. Inachofanya ni kumvizia mjumbe njiani na kumkata, agizo lisifike. Jeni inakuwa kama imenyamazishwa. Inasema, lakini haisikiki."

"Na wajumbe wengine? Si itawakata wote?"

"Hapana. Kile kipande cha dawa ni kidogo sana, kimeandikwa ili kilingane na mjumbe huyo mmoja tu. Vinakutana vinashikana, kama vipande viwili vya doti moja ya kanga. Kanga nyingine haiendani nacho."

Hiyo niliielewa. Nikauliza nililotaka kuuliza.

"Kwa hiyo nitacheza kama Tatu?"

Daktari Neema akaweka kalamu chini. "Bibi, nisikudanganye. Dawa inazuia kibovu kipya kisitengenezwe. Kilichokwisha kuganda ni kigumu kuondoka. Mdogo wako aliwahi, moyo wake ulikuwa mzima. Wewe tunakimbizana na moyo. Na nafasi za dawa ni chache, nitakuombea, lakini tutasubiri."

Tukasubiri. Kipupwe kilikuwa kibaya. Miguu ilivimba mpaka ngozi inang'aa, nikawa sitoki kitandani mpaka uani bila watu wawili. Tatu akahamia kwangu Kilosa kumsaidia Sofia ili arudi sokoni. Hebu fikirini. Adui yangu wa miaka yote ananipikia uji, anaimba jikoni kwangu wimbo wa baba wa kupalilia, kwa sauti ya baba, na mimi nimelala siwezi hata kwenda kuufunga mlango.

"Usiimbe huo."

"Kwa nini? Mzuri."

"Kwetu hakuimba."

Kisha akaja mlangoni na mwiko mkononi. "Basi nikufundishe." Nikamwambia atoke. Akasimama palepale akauimba wote, ubeti kwa ubeti, kama mwalimu. Wimbo wenyewe ni wa matusi, unamtukana ndege anayekula mtama. Nilicheka mpaka pumzi ikakata, Sofia akaja mbio akidhani nakufa.

Alipokwenda kwenye zamu yake, Tatu alimwuliza daktari kama sindano yake inaweza kugawanywa, nusu yake nusu yangu. Daktari akakataa, akamwambia mtakosa wote wawili. Nilisikia kwa Sofia, si kwake. Ningependa kusema moyo wangu uliyeyuka. Nilichowaza ni kwamba na wema nao kauwahi.

Nafasi yangu ilipatikana vuli inaanza. Sindano yenyewe ni ndogo, tumboni, chini ya ngozi, inaisha kabla hujakunja uso. Nilikuwa nimejitayarisha kwa jambo kubwa, nikamuuliza nesi, "Ndiyo hiyo tu?" Nikapewa na vidonge vya vitamini A vya kumeza kila siku, kwa kuwa kile kinachozuiwa ndicho pia kinachobeba vitamini hiyo mwilini. Hivyo msiviache. Mimi Tatu, akiwa amesharudi Mikumi, alinipigia simu kila asubuhi kuniuliza, "Umemeza?" na nilimeza kwa hasira ili nimjibu nimeshameza.

Ya kwanza sikuona kitu. Ya pili, nilidhani naona kitu, kisha sikuona. Masika yakarudi, tukapanda treni tena. Chumba cha sindano kilikuwa na nesi mgeni, Happiness, mchangamfu. Akasoma kwenye karatasi, akaita kwa sauti:

"Haya, sindano ya tatu!"

"Si ya Tatu!" nikasema. "Hiyo ni yangu!"

"Ndiyo, bibi, ni yako. Ya tatu."

"Nimekwambia si ya Tatu! Tatu kashachomwa yake, yuko nje anakula karanga!"

Nesi akanitazama, akamtazama Sofia. Sofia alikuwa ameegemea ukuta, machozi yanamtoka kwa kicheko. Alipomweleza, yule nesi alikaa chini kwenye kiti cha wagonjwa. Nilichomwa na watu wanaocheka, na mimi nikiwa nimenuna, kisha na mimi ikanishinda.

Ni baada ya hiyo ya tatu ndipo nilipogundua. Hakuna kilichoongezeka, hiyo ndiyo habari yenyewe. Kila msimu uliopita ulikuwa umechukua kitu: ndala, sufuria, sijida. Masika haya hayakuchukua. Mito ilikuwa mitatu, ikabaki mitatu, halafu miwili. Uvimbe ukashuka. Tumbo likanirudia adabu. Daktari Neema akaupiga picha moyo akasema, "Umesimama palepale, bibi," kwa uso wa mtu anayetoa habari ya harusi. Nami nilizipokea hivyo, japo mkono haukurudi, nyama ya kidole gumba haikurudi, na mkongojo ninao.

Tatu hana mkongojo. Nasema wazi kwamba hilo bado linaniuma. Tukitembea pamoja kutoka stesheni ananisubiri, na ninavyochukia kusubiriwa! Kuna sindano ya kunyamazisha jeni. Ya wivu sijaiona, na kama ingekuwepo Tatu angekuwa keshapata.

Ninyi mnaosoma, ninachowaomba ni hiki kimoja. Ukiulizwa hospitalini habari za ukoo, usijibu ya ukoo. Taja waliokuzaa wote wawili, na watoto wa baba kwa mama mwingine, hata yule usiyemtembelea, hata yule msiyesemezana. Mimi ningetaja jina moja tu la Mikumi siku ile, ningewahi na miguu yangu. Sofia ameshapimwa, hana. Zuhura mwanawe hatuna haja ya kumpima, daktari kasema mama akiwa hana, upande huo umefungwa. Rajabu wa Tatu anao, ameanza dawa akiwa bado anabeba magunia.

Zamu iliyopita tulikuwa kwenye vile viti vya bluu, mimi na Tatu, Sofia amekwenda kununua maji. Mlango ukafunguliwa, nesi mwingine kabisa, akaita jina la baba kama wanavyofanya wakiwa na haraka:

"Athumani!"

Tukaanza kusimama wote wawili. Tatu alisimama mara moja. Mimi nilijisukuma kwa mkongojo, polepole, viti vyote vikatikisika, na yeye hakunishika, anajua sitaki. Alisimama tu pale mpaka nikanyooka.

"Athumani ni nani kati yenu?" nesi akauliza.

"Ni sisi," Tatu akasema.

"Ni sisi," nikasema na mimi. "Lakini mimi ndiye mkubwa." Nikatangulia kuingia.